Kabla Hujaomba Kadi: Jinsi ya Kujenga Jina la Mkopaji Ukiwa Tanga

Mwenye duka wa Makorora anakujua. Anajua mshahara unaingia lini, anajua mwezi uliofiwa na mwezi uliolipa ada, kwa hiyo anakuandikia kwenye daftari kilo mbili za sembe na chupa ya mafuta bila kukuuliza kitambulisho. Huo ni mkopo, na pengine umeulipa kwa uaminifu miaka yote. Lakini daftari lake haliendi popote. Siku utakayoingia benki kuomba milioni tatu za kununua jokofu la kuhifadhia samaki, ofisa wa mikopo hatamwuliza mwenye duka. Atafungua kompyuta, na kama jina lako halimo, kwake wewe ni mgeni, hata kama babu yako alizaliwa Ngamiani.

Nayaandika haya kwa ajili ya watu wa aina mbili: anayelipa madeni yake ila hana ushahidi, na aliyewahi kuteleza jina likachafuka. Nianze na kadi, maana ndiyo inayoulizwa sana.

Kadi iliyo mfukoni

Kadi unayotolea fedha kwenye ATM, iwe TemboCard ya CRDB, ya NMB au ya benki nyingine, kwa kawaida inatoa fedha zako mwenyewe. Nembo ya Visa au Mastercard iliyochapwa pembeni haiifanyi kuwa ya mkopo. Kadi ya mkopo yenyewe ni hii: benki inakuwekea kikomo, unanunua kwa fedha zake, kisha mwisho wa mzunguko wa mwezi inakuletea hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe hiyo, manunuzi kwa kawaida hayatozwi riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, kinachobaki kinaanza kuzaa. Ukiitumia kuchomoa noti kwenye ATM, mara nyingi makato na riba vinaanza siku hiyohiyo, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu tumezoea kwamba kadi ni kitu cha kutolea noti.

Sasa jiulize utaitumia wapi. Soko la Mgandini watu wanalipa taslimu au kwa simu. Fundi, bodaboda na mama ntilie hawana mashine ya kadi. Kadi inafaa unapokata tiketi ya ndege, unapoweka nafasi hotelini ugenini, unapoagiza bidhaa mtandaoni au kulipia masomo ya nje. Kama shida zako ni hizo tu, kadi ya kawaida ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, au kadi ya mtandaoni inayounganishwa na akaunti yako ya simu, inatosha. Unaijaza kiasi unachotaka kutumia na deni halizaliwi.

Ukiona bado unaihitaji, usidanganywe na rangi ya dhahabu. Uliza ada ya mwaka, riba ya mwezi, idadi ya siku za kulipa bila riba, na makato ya kubadilisha fedha unaponunua kwa dola. Kama benki inasita kwa sababu huna historia, uliza kama wanakubali amana ya muda maalumu iwe dhamana. Unaweka fedha zako pale, wanakupa kikomo kinacholingana nazo, na wewe unapata nafasi ya kuonyesha nidhamu. Weka maagizo ya kulipa deni lote kila mwezi moja kwa moja kutoka akaunti ya mshahara. Asiyeweza kuweka maagizo hayo bila wasiwasi hajafikia wakati wa kuwa na kadi. Kwa maoni yangu, mkazi wa Tanga anayetaka kujenga jina aiweke kadi mwisho wa safari.

Nani anakuandika

Tangu kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji. Benki zinapeleka humo habari za mikopo yao, na kampuni zenye leseni, zikiwamo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, zinazitumia kutengeneza ripoti ya kila mkopaji. Mwanzoni benki nyingi hazikujali sana. Mambo yalibadilika mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa, ilipopita asilimia 10 ya mikopo yote mwaka 2017, na Benki Kuu ikazibana benki zisikopeshe kabla ya kusoma ripoti ya mwombaji.

Ripoti hiyo haisemi kama wewe ni mtu mzuri. Inasema ulikopa wapi, kiasi gani, kimebaki nini, na ulichelewa siku ngapi. Anayeisoma anaangalia kwanza kuchelewa, kisha wingi wa mikopo iliyo hai kwa wakati mmoja, kisha mara ulizoomba hapa na pale kwa muda mfupi. Mtu aliyepiga hodi benki tano ndani ya mwezi mmoja anaonekana ana moto nyumbani, hata kama alikuwa akilinganisha bei tu. Linganisha bei kwa kuuliza, na ujaze fomu pale tu ulipokwisha kuamua.

Mikopo ya simu nayo imo, kwa kuwa nyuma ya mingi kuna benki. M-Pawa ya Vodacom, iliyoanza mwaka 2014, ni huduma ya benki iliyovaa sare ya mtandao wa simu. NMB Mshiko Fasta ni mkopo wa benki hata kama umeuomba ukiwa kwenye daladala. Kijana anayeacha deni la sh. 20,000 kwenye laini aliyoitupa hajalikimbia deni, maana laini ilisajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Kenya walikutana na jambo hili mapema kuliko sisi: watu wengi sana waliorodheshwa kwa vijideni vya simu, mpaka Benki Kuu ya huko mwaka 2020 ikazuia kuwaorodhesha wanaodaiwa chini ya shilingi 1,000 za Kenya.

Hapa kuna jambo dogo la kufanya leo. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Pwani tuna undugu mpana. Ukamsajilia mpwa laini alipokuja likizo, ukamsajilia dada wa kazi, ukasahau. Mpwa akichukua mkopo wa simu kama Songesha asirudishe, jina linalodaiwa ni lako. Laini usiyoitambua au usiyoitumia, nenda kwa mtoa huduma uifute.

Bei

Februari 2024 Tanga Uwasa, mamlaka yetu ya maji, ilikwenda kukopa kwa wananchi. Ilitoa hatifungani ya kijani ya sh. bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Iliwezekana kwa sababu ilifungua vitabu vyake watu wakaona bili zinavyokusanywa. Ishike hiyo 13.5 kichwani kama kipimo. Wewe mtu mmoja hutapata bei ya mamlaka yenye bili za jiji zima, lakini kila ukitajiwa riba, igeuze iwe ya mwaka kisha uiweke kando ya hiyo.

Wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, wale wa daraja la pili kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu imewawekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Kwa mwaka ni 42.

Halafu uliza inavyohesabiwa. Chukua sh. 600,000 kwa miezi sita kwa asilimia 3.5. Kama riba inatozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, utalipa sh. 21,000 kila mwezi, jumla 126,000. Kama inatozwa kwenye kilichobaki, na unapunguza laki moja kila mwezi, utalipa jumla ya sh. 73,500. Kiwango kilekile, tofauti ya zaidi ya hamsini elfu. Ofisa atakayekutajia asilimia bila kukwambia inapigwa juu ya nini, mwombe akuandikie ratiba nzima ya marejesho, pamoja na ada ya fomu, bima na kila kitakachokatwa kabla ya fedha kukufikia. Kama unaomba laki tano na mkononi inakuja laki nne na sabini, riba unalipia laki tano.

Kuhusu kausha damu, mikopo ile ya kurejesha kila siku, sina maneno mengi. Tuseme unapewa 100,000, unarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Watu wanasema ni asilimia 30. Lakini kila siku unarudisha sehemu ya mtaji, kwa hiyo kwa wastani ulikaa na kama nusu tu ya ile laki. Gharama halisi inakaribia asilimia 60 ndani ya mwezi mmoja, na marejesho yako mazuri hayataandikwa popote pa kukusaidia. Wanaoshikilia kadi yako ya ATM na namba ya siri kama dhamana ni wa kuwakimbia kabisa. Ukiwapa hivyo umewapa mshahara.

Programu za mikopo za mtandaoni nyingi ni za waja leo waondoka leo. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali na kuzipiga marufuku. Kabla ya kupakua, tazama kwenye tovuti ya Benki Kuu kama kampuni ina leseni. Programu inayotaka kusoma namba zote za simu yako inajiandaa kukuaibisha kwa mama mkwe siku utakapochelewa. Kutumika kwa namba za watu wako namna hiyo ni jambo unaloweza kulipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.

Kupanda ngazi

Anza na ulichonacho, yaani kikoba. Huko ndiko wengi wetu, hasa kina mama, tulikojifunza kununua hisa kila wiki, kukopa na kurejesha mbele ya watu. Hakikisheni kimesajiliwa halmashauri kama sheria ya 2018 inavyotaka, mna katiba, na fedha zinalala benki badala ya chini ya kitanda cha mweka hazina. Kikoba chenye akaunti kinaacha nyayo ambazo daftari haliachi. Upatu na michezo ya kijumbe ni mizuri kwa kununulia vyombo, ila haikujengei jina.

Kikundi kilichokaa sawa kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Uwe Jiji la Tanga, Mkinga, Muheza au Pangani, mlango ni mmoja: ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Msiingie na mtu msiyemwamini, kwa maana deni ni la kikundi.

Ngazi inayofuata ni SACCOS, kisha benki. Hapa ndipo panapotaka subira. Pitisha mapato yako yote kwenye akaunti moja kwa miezi sita au zaidi, hata kama jioni unayatoa. Anayeuza maziwa kupitia ushirika atunze karatasi za kituo. Mwenye bajaji aliyeinunua kwa mkataba wa hesabu ya kila siku atunze mkataba na awe anamlipa tajiri kwa simu, si kwa noti, ili ushahidi ubaki. Kisha chukua mkopo mdogo kuliko unaoweza kupata, wa miezi sita hadi kumi na miwili, na ulipe rejesho siku mbili tatu kabla ya tarehe. Uliza swali moja kabla ya kusaini: je, mnapeleka taarifa zangu kwenye kanzidata? SACCOS au kampuni isiyopeleka inaweza kukufaa kwa shida, lakini hapo hujajenga kitu.

Kwa pwani yetu, tarehe za marejesho ndizo zinazoua mikopo mizuri. Mvuvi wa Tongoni au Moa anayekubali rejesho la kiwango kimoja kila mwezi atabanwa kusi likianza kuvuma na ngalawa ikakaa ufukoni. Mkulima wa Muheza ana fedha machungwa yakiuzwa. Miezi mingine ana miti tu, na ndiyo sababu anajikuta akiyauza yakiwa bado mtini kwa bei ya anayenunua. Mwambie ofisa mapema: nataka marejesho yafuate msimu. Wapo watakaokataa. Wapo watakaokubali, maana nao hawapendi mikopo chechefu.

Kwa wasiotaka riba kwa imani yao, na Tanga hao ni wengi, njia zipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na benki za kawaida zimefungua madirisha, kama Al Barakah ya CRDB. Katika murabaha benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa faida inayotajwa wazi tangu mwanzo. Linganisha hiyo faida kama unavyolinganisha riba, maana kuwa halali hakuifanyi kuwa nafuu. Na ukichelewesha marejesho ya murabaha, unaandikwa umechelewa kama mdaiwa mwingine yeyote.

Mwenye mshahara wa serikali apige hesabu kuanzia chini. Ikiwa ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 inakwenda huko kwanza. Kuna sharti la kubakiwa na theluthi moja ya mshahara, lakini usilichukulie kama ruhusa ya kukopa mpaka ifike hapo. Theluthi hiyo ndiyo utakayolia nayo mtoto akilazwa hospitali ya Bombo.

Jina likishachafuka

Kwanza omba ripoti yako. Utahitaji namba ya NIDA. Uliza gharama kabla. Isome mstari kwa mstari ukiwa na risiti mezani. Makosa yapo ya kila namna: mkopo uliomaliza ambao haujafungwa, deni la mtu mwenye majina matatu kama yako (na huku kwetu kina Juma na Mwanaidi ni wengi), deni lililohesabiwa mara mbili benki ilipoliuza au ilipobadilisha mfumo. Ukiona kosa, andika barua kwa mkopeshaji na nakala kwa kampuni iliyotoa ripoti, ambatisha ushahidi, dai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kaunta hayana tarehe. Benki ikikuzungusha, peleka lalamiko kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ukiwa na hiyo barua, kwa sababu wataanza kwa kukuuliza kama ulikwenda benki kwanza.

Kama deni ni la kweli, wahi. Mkopo wa benki ukifikisha zaidi ya siku 90 bila rejesho unaingia kwenye kundi la chechefu, na kutoka humo ni kazi kuliko kuingia. Ukiona mwezi wa pili unakuja mtupu, nenda kabla hawajakupigia. Peleka hesabu: mapato haya, matumizi haya, naweza kulipa kiasi hiki. Omba mkopo upangwe upya. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunazima simu, tunahamia kwa shangazi Korogwe, mpaka dalali anabandika tangazo ukutani. Ukipewa ratiba mpya, ichukue kwa maandishi, na usikubali rejesho usiloliweza kwa aibu ya kukataa. Kuvunja ahadi ya pili kunakuharibia kuliko ya kwanza.

Ukiwa na madeni kadhaa, shika kalamu uyaandike yote, pamoja na ya duka na ya shemeji. Yenye riba ya juu na yanayoandikwa kwenye kanzidata ndiyo ya kumalizwa mbele. Vijideni vya simu vilipe mara moja uviondoe, kwa sababu ni vidogo na kila kimoja ni mstari mbaya kwenye ripoti. Shemeji zungumza naye. Usikope kausha damu kulipa benki. Na usimdhamini mtu kipindi hiki, hata akija na wazee: mdhamini anadaiwa mkopaji akishindwa, na wewe huna nafasi ya kubeba la mwingine. Sema ofisa wa mikopo amekukataza. Hawatamwendea kumwuliza.

Siku ya kumaliza, usitoke benki bila barua ya kumaliza deni, na dhamana yako mkononi, iwe hati ya kiwanja au kadi ya pikipiki. Wapo wanaojibu kwamba mfumo utajisafisha wenyewe. Pengine utajisafisha. Subiri mwezi mmoja au miwili, omba ripoti nyingine, uone kama salio limeandikwa sifuri na mkopo umefungwa. Ule ucheleweshaji wa zamani hautafutika siku hiyo. Utabaki kwenye historia, ila utasomeka kama deni lililolipwa, na mkopeshaji anayejua kazi yake anatofautisha. Hapo chukua kimkopo kidogo cha SACCOS au cha benki, chenye marejesho ambayo hata wiki mbaya ya biashara unayaweza, na anza kuhesabu miezi kumi na miwili isiyo na siku hata moja ya kuchelewa. Barua na risiti ziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na upige picha zake kwa simu, kwa kuwa unyevu wa huku unakula karatasi.